Kidole cha Bibi, Jina la Babu: Maswali Ninayoulizwa Kuhusu Wizi wa Utambulisho wa Wazee

Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Ngamiani, Tanga. Wateja wangu wa asubuhi wengi ni wazee: wastaafu wanaokuja kutoa pensheni, na akina bibi waliotumiwa chochote na watoto walioko Dar au Muscat. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa dirishani, na wazee wenyewe au na watoto wao waliokuja mbio baada ya mambo kuharibika. Nimeyaandika ili walau wachache wayasome kabla hayajawafika.

Wizi wa utambulisho ni nini? Si utapeli ule ule tu?

Ni ndugu, lakini si kitu kimoja. Tapeli wa kawaida anakuchukulia pesa na kutokomea. Mwizi wa utambulisho anachukua jina lako analivaa. Anasajili laini kwa kidole chako, anakopa kwa namba yako ya NIDA (ile ya kitambulisho cha taifa), anajifanya wewe mbele ya benki au mfuko wa pensheni. Pesa zikishaliwa, yeye anavua lile jina na kuondoka. Deni na kesi vinabaki mlangoni kwako.

Chukua ile meseji ambayo sote tumeipata: "Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja fulani." Watu wanaifuta na kuendelea na shughuli zao. Lakini hilo jina litakalokuja ni la nani? Tapeli hatumii lake. Jina hilo ni la mtu wa kweli mwenye vidole vya kweli, na huenda hana habari yoyote. Huenda ni mama yako.

Kwa nini wazee wanalengwa sana?

Nakataa kabisa jibu la kwamba wazee hawana akili ya mambo ya kisasa. Mzee kalelewa hivi: anayebisha hodi hukaribishwa, anayesalimu huitikiwa, na mtu wa serikali husikilizwa hadi amalize. Tapeli analijua hilo, ndiyo maana simu yake huanza na "shikamoo". Anauibia uungwana wa mzee.

Lipo na la pili. Wengi wao macho yamepungua nguvu, kwa hiyo wanasaidiwa kila kitu: kusomewa meseji, kubonyezewa menyu, hata kuwekewa namba ya siri. Mtu anayesaidiwa kila kitu, siri zake ziko mikononi mwa watu wengi. Na mstaafu aliyepokea kiinua mgongo juzi, mtaa mzima unajua.

Laini inasajiliwaje kwa kidole cha mtu bila yeye kujua?

Nitaeleza yaliyompata mama yangu mkubwa. Alikwenda kununua laini kwa kijana wa mwavuli karibu na stendi. Mama mkubwa amesuka ukili na kufua nguo za watu tangu usichana, na vidole vyake vimelainika kama sabuni iliyotumika. Akaweka dole gumba kwenye kile kimashine. "Imegoma, bi mkubwa. Weka tena." Akaweka. "Bado, jaribu cha shahada." Akaweka. Kijana akafuta kioo kwa pindo la fulana, akamwomba aweke tena, na tena. Mwisho akamkabidhi laini, na mama mkubwa akamshukuru kwa uvumilivu wake.

Miezi michache baadaye akaitwa kituoni. Kuna mtu wa mkoa mwingine alitapeliwa, na laini iliyopokea pesa ilikuwa na jina lake. Alipohakiki, zilikuwepo laini nne. Anayoijua ni moja. Kule kugoma, si kote kulikuwa kugoma: kila alipoweka kidole, huenda laini nyingine ilikuwa inazaliwa.

Ubaya ni kwamba kifaa hugoma kweli kwa wazee. Jembe, sabuni, chokaa na miaka hufuta mistari ya vidole. Ndiyo maana mzee hashtuki akiambiwa arudie. Sheria yangu kwa familia ni hii: mzee asiende kusajili laini peke yake, na aende dukani kwa mtandao wenyewe, si kwenye mwavuli. Kidole kikigoma, kila mnaporudia aliyemsindikiza aangalie skrini ya kifaa inaonyesha nini. Mkiondoka hapo, kabla hata hamjapanda daladala, pigeni *106#.

Hiyo *106# inafanya nini?

Inakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Unabonyeza *106#, unafuata menyu, unaingiza namba ya NIDA, namba za simu zinajipanga mbele yako. Huhitaji bando wala simu janja, kitochi kinatosha. Mimi hurudia kwenye laini ya kila mtandao ambao mzee anautumia, ili nisiache tundu.

Fanyeni hivi hata kama hamna shaka yoyote. Usajili wa alama za vidole ulianza Mei 2019, mwisho ukawekwa Desemba 31, kisha ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Wengi tunakumbuka foleni za siku zile. Wazee wengi walisajiliwa katika haraka ile ile, chini ya miti na kwenye varanda, na hawajawahi kuangalia kilichoandikwa kwa majina yao.

Nimekuta laini tatu ambazo mama hazijui. Sasa?

Ziandike kwenye karatasi kwanza, namba kamili na tarehe uliyoziona. Usianze kwa kuzipigia na kutukana, utamwamsha aliyelala. Nendeni duka la mtandao husika, mama mwenyewe akiwa na kitambulisho chake, mkatae laini hizo zifutwe katika jina lake. Ombeni kitu cha maandishi kinachoonyesha kwamba mlifika na mlikataa. Kama kuna dalili kwamba laini imetumika kwa uhalifu, pitieni polisi mchukue RB, karatasi ya kuonyesha kwamba mmeripoti. Karatasi hiyo ndiyo itakayomwombea mama siku akiitwa kujieleza.

Vidole vya bibi havisomi kabisa. Tusajili laini yake kwa jina la mjukuu?

Naelewa kwa nini watu wanafanya hivyo, na ni wengi. Lakini pesa zilizomo kwenye laini hiyo kisheria zinasomeka ni za mjukuu. Bibi akipoteza simu, hawezi kurinyu laini (kupewa laini mpya yenye namba ile ile) bila mjukuu. Mjukuu akihama, akigombana na familia au akifariki, bibi anabaki nje ya pochi yake mwenyewe. Jaribuni kwanza vidole vyote kumi, mikono ikiwa imeoshwa na kukaushwa, na mafuta kidogo kwa ngozi iliyokauka sana. Ikishindikana, nendeni ofisi ya NIDA ya wilaya mueleze hali yake, kabla hamjafikiria jina la mtu mwingine.

Mtu akijua namba ya NIDA ya mzee tu, atafanya nini? Ni namba tu.

Ichukue uitazame vizuri. Ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Aliyezaliwa Machi 14, 1952, namba yake inaanza na 19520314. Sasa niambie, namba ya siri ya baba yako ni ipi? Sikuulizi uitaje. Nakuuliza kama ni mwaka wake wa kuzaliwa. Kwa wazee ninaowahudumia, jibu mara nyingi ni ndiyo. Basi mwenye fotokopi ya kitambulisho cha baba ana namba ya siri ya baba pia.

Ibadilisheni leo. Si lazima iwe ngumu, kinachotakiwa ni isisomeke kwenye kitambulisho wala isijulikane mtaani. Mzee mmoja ninayemhudumia ametumia mwaka alioibiwa baiskeli. Hilo hajamwambia mtu, na kulisahau hawezi. (Mimi mwaka wenyewe siujui, alinisimulia kisa tu.)

Fotokopi za kitambulisho je? Kila ofisi wanadai.

Toa inapobidi, lakini ifunge. Chukua kalamu, andika kwa kukatiza juu ya fotokopi yenyewe, bila kufunika jina: "Kwa ajili ya mkopo wa Saccos tu," kisha tarehe. Fotokopi iliyoandikwa hivyo inamwia mwizi vigumu kuitumia kwingine.

Jambo ambalo watu hawalifikirii ni steshenari. Unamtumia kijana wa steshenari picha ya kitambulisho kwa WhatsApp, anaichapa, unalipa, unaondoka. Picha imebaki kwenye simu yake na kwenye kompyuta ambayo kila mteja anaigusa. Mwombe aifute ukiwa umesimama pale, kwenye simu na kwenye kompyuta. Hatakasirika, na akikasirika tafuta steshenari nyingine. Kopi iliyotoka vibaya usiiache kwenye ndoo. Ichane, au nenda nayo nyumbani. Nimewahi kuuziwa karanga zilizofungwa kwenye fomu ya mtu yenye jina, picha na sahihi.

Baba kapigiwa simu anaambiwa ana mapunjo ya pensheni. Ni kweli?

Neno "mapunjo" ndilo chambo kinachowanasa wastaafu kuliko vyote, kwa sababu wengi wanaamini kweli walipunjwa, na wapo waliopunjwa. Mpigaji anajitambulisha kwamba yuko Hazina au kwenye mfuko, anataja kituo alichofanyia kazi baba na mwaka aliostaafu, halafu anasema faili limeonekana na malipo ni makubwa. Kinachokwamisha ni "ada ya kufungua faili", au namba ya akaunti, au ile meseji yenye namba itakayoingia sasa hivi. Wazee wanawaita watu hawa vishoka.

Baba anaamini kwa sababu mpigaji anajua habari zake. Lakini habari hizo zimepita mikono mingi: kwenye fomu, kwenye makundi ya WhatsApp ya wastaafu, hata kwenye risala ya siku ya kuagwa. Kujua habari zako si kitambulisho cha kazi.

Jibu la kumfundisha baba ni fupi: "Asante mwanangu, nitakuja ofisini mwenyewe." Kisha akate. Ofisi za mifuko ya pensheni, PSSSF na NSSF, ziko mikoani, na mapunjo ya kweli hayaozi kwa siku mbili. Anayesema "leo ndiyo mwisho" amejitaja.

Uhakiki wa wastaafu nao una mlango wake. Mzee anaogopa kufutwa kwenye malipo, kwa hiyo akisikia "hujahakikiwa" anatoa kila anachoulizwa. Siku hizi mstaafu wa PSSSF anaweza kujihakiki kwa simu janja. Ni jambo jema, lakini anayemsaidia awe mtu wa nyumbani, si msamaria wa mtaani anayeshika simu yake robo saa. Na kwa walioko Zanzibar, Pensheni Jamii ya wenye miaka 70 na kuendelea, iliyoanza mwaka 2016, inahitaji tahadhari ile ile: kitambulisho cha mzee kikae na mzee.

Simu ya mama imekata mtandao ghafla, ya jirani wa mtandao huo huo inashika. Ni hitilafu?

Inawezekana ni laini imechoka. Inawezekana pia kuna mtu amerinyu laini yake mahali pengine, na sasa meseji za benki zinaingia kwenye simu ya mwizi. Usisubiri hadi jioni. Shika simu nyingine ya mtandao ule ule, piga 100, huduma kwa wateja, uwaombe wafunge laini na akaunti ya pesa. Kisha benki. Kisha duka la mtandao, mama akiwepo. Dakika hapa zina bei. Nimeona akaunti ikikaushwa mtu akiwa anakula chakula cha mchana.

Mwanangu wa Muscat ananiandikia kwa namba mpya, picha ni yake. Anaomba pesa ya haraka.

Mama, picha yoyote iliyoko mtandaoni inaweza kuwekwa na yeyote. Mpigie kwenye namba yake ya zamani usikie sauti. Asipopatikana, muulize jambo ambalo halipo Facebook. Familia moja hapa jirani wana swali lao: "Mbuzi wa babu aliyeanguka kisimani alikuwa na rangi gani?" Mtoto wa kweli anajibu hata usingizini.

Na ukiletewa meseji ya tarakimu sita kutoka WhatsApp, halafu mtu anayeonekana ni mwalimu wako wa madrasa au jumuiya yako ya kanisa anakuomba umsomee, usisome. Hiyo ni funguo ya WhatsApp yako. Akiipata ataingia kwa jina lako na kuanza kuwaomba pesa watu wanaokuheshimu, na watatoa kwa sababu ni wewe.

Tunapigiwa simu eti babu amekopa mtandaoni. Hana hata simu janja.

Hapo kuna mtu ametumia namba yake ya NIDA, au amemwandika kama mdhamini. Programu nyingi za mikopo ya haraka hazina leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya namna hiyo. Wanachosha watu kwa matusi na kutuma picha za mdaiwa kwa kila aliyemo kwenye simu. Msilipe "kidogo ili watuache", kwa sababu kulipa kunasomeka kama kukubali deni. Hifadhini meseji zote, msifute hata moja, na mpeleke malalamiko polisi na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ikazinduliwa rasmi Aprili 2024. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inamhusu anayejifanya mtu mwingine kwa njia ya kompyuta au simu.

Tumegundua mwizi ni mjukuu wake. Tufanye nini?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya wateja wengine kuondoka. Sina jibu rahisi, ila nina msimamo: mzee aambiwe. Familia nyingi humficha "asiumie", na mjukuu anaendelea kuishi chumba cha pili akiwa na namba ya siri ile ile. Badilisheni namba ya siri siku hiyo hiyo, mzee akibonyeza mwenyewe. Angalieni kama kuna mikopo ya kwenye menyu imechukuliwa kwa laini yake. Suala la polisi au kikao cha ukoo ni uamuzi wa mzee, kwa sababu jina lililoibiwa ni lake.

Nyumba ambayo mzee hawezi kubonyeza kabisa, chagueni mtu mmoja wa kumsaidia na mwingine wa kukagua. Kila mwisho wa mwezi asomewe miamala yake kwa sauti, naye aulize anachotaka.

Si bora nimnyang'anye simu mama, nimshikie mwenyewe?

Hapana. Nimewaona akina mama waliopokonywa simu kwa usalama wao. Wanakuja kibandani kuomba niwapigie dada zao, wakitazama chini kama watoto waliokosa. Na mzee aliyepokonywa hujifunza jambo moja tu: akitapeliwa tena, asiseme. Ukimya huo ndio mwizi anautaka.

Mwachie simu, mpunguzie hatari. Weka kiasi kidogo kwenye laini ya kila siku, kingine kikae benki. Hifadhi majina ya watu wake kwa picha na maandishi makubwa, na mkubaliane kwamba namba isiyo na jina hapokei. Mpe ruhusa kwa kinywa chako ya kukata simu bila kuaga. Wazee wengi hawajawahi kuambiwa na mtu kwamba inaruhusiwa.

Ameshatoa namba ya siri dakika kumi zilizopita. Nianze wapi?

Acha kumgombeza, utamgombeza kesho kama bado utakuwa na hamu. Piga 100 wazuie muamala na akaunti. Badilisha namba ya siri. Pigia benki kama akaunti imeunganishwa na simu. Ile meseji ya tapeli itume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli; watakujibu wakitaka namba iliyoituma, nawe uwatumie. Halafu polisi, mkiwa na namba ya muamala, saa na kiasi. Mpe mzee chai, kwa sababu mikono itakuwa inatetemeka, na umwombe asimulie mwanzo hadi mwisho ukiandika kama anavyosema. Baada ya siku mbili atakuwa ameshaanza kusahau maneno ya mpigaji, na maneno hayo ni ushahidi.

Mama yangu yuko Mombasa. Mambo ni hayo hayo?

Karibu sawa. Kwa laini ya Safaricom *106# inafanya kazi ya kuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na meseji za matapeli zinatumwa 333. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na Kamishna wa Data anapokea malalamiko.

Babu amefariki. Laini na kitambulisho chake tuvifanyeje?

Msiviache kwenye droo. Jina la marehemu ni tamu kwa mwizi, kwa kuwa mwenyewe hatalalamika. Mkipata cheti cha kifo kutoka RITA, ofisi inayosajili vizazi na vifo, toeni taarifa kwa mfuko wa pensheni, benki na mtandao wa simu. Pesa zilizobaki kwenye laini ni mali ya mirathi. Mtoto anayejua namba ya siri asizitoe usiku wa msiba, hata kama nia yake ni kununua sanda. Msimamizi akishateuliwa na mahakama, aende na barua zake.

Na msiitupe tu laini hiyo. Isipotumika muda mrefu mtandao huifunga, kisha namba ile ile huuzwa kwa mtu mwingine. Kama bado imeunganishwa na akaunti ya babu benki, meseji za benki zitaanza kuingia kwa mgeni. Kaitoeni kwanza benki, ndipo muifunge.